Mgongo wa Alfajiri

Katika miinuko ya Kasulu na Kibondo, hasa Juni na Julai, baridi ya alfajiri huwashangaza hata ndugu zetu watokao Ujiji. Gari letu, linalotupatia riziki kwa kubeba abiria, lilikuwa likigonga kila lilipowashwa saa hizo, kisha likanyamaza baada ya sekunde chache. Fundi mmoja wa Kibondo alitaka kuifumua injini, kazi ambayo ingemeza ada za watoto.

Tukalipeleka Kasulu. Mzee fundi hakushika spana. Alitaka gari lilale kwake, kwani injini iliyokwisha kupata moto huficha maradhi. Hapo ndipo tulipomwamini. Asubuhi aliigusisha injini ncha ya bisibisi ndefu, mpini sikioni. Mlio ulitoka juu kwenye tepeti, si chini kwenye beringi za krenki. Filta ya oili ilikosa vali ya mpira ya kuizuia oili isirudi chini usiku. Nayo oili ya 20W-50, nzito kwenye baridi, ilichelewa kupanda. Akaweka filta nzuri na oili ya 10W-30, kama kitabu cha gari kinavyoagiza.

Siku ya tatu jirani aliuliza iwapo gari limeharibika, maana hakulisikia likiondoka.