Soma Hadi Mstari wa Mwisho

Wahenga walinena, haraka haraka haina baraka. Wanafunzi wenzangu, likizo ya Agosti nilikuwa kwetu hapa Rongo. Nilikuwa nimemwahidi mlezi wa chama kwamba nitaunda programu ya kuorodhesha vitabu vyetu vya Kiswahili.

Nilitumia kipakatalishi kikuukuu cha mjomba, betri yake imekufa. Kwa Python niliunda mazingira ya mradi, yaani chumba chake pekee. Nikayawasha, nikapakua Django humo ndani, nikaanzisha mradi. Nilipoandika "python manage.py runserver" na kufungua anwani 127.0.0.1:8000, picha ya roketi ikatokea. Furaha iliyoje!

Mara stima ikapotea. Iliporudi jioni, niliandika amri ile ile. Wapi! Maandishi ya Kiingereza yalijaa kioo. Nikaona basi, Django imeharibika. Mama alikuwa ametoka kuuza ndizi sokoni. Akanipa shilingi 100 ninunue bando, niipakue upya.

Nimeshanunua, ndipo nikasoma mstari wa mwisho: je, umesahau kuwasha mazingira? Lahaula! Kumbe ukifungua dirisha la amri upya, sharti uyawashe tena. Nikayawasha. Roketi hiyo!

Nilimweleza mama ukweli. Akaniangalia, akasema, "Nyathina, kumbe ufunguo ulikuwa mfukoni?"

Sikuwa na jibu. Mia ile ilikuwa ya unga. Mashine ilikuwa imeniambia kosa langu. Mimi ndiye sikusoma. Wenzangu, msiwe kama mimi.