Aliuza Nini Kwanza?

Kwa miaka mingi niliigiza mtu mmoja kwa majina tofauti. Mara mama aliyekuja Dar es Salaam na mtoto mgongoni kuomba kwenye mataa, mara hausigeli asiyejua kuwasha jiko la gesi, mara mke wa mganga. Wote Wagogo, wote wajinga, wote katika kaniki ileile ya kwenye begi la mavazi. Mimi ni Mgogo wa Mvumi, lakini lafudhi yangu haikutosha. "Dada, ongeza Ugogo kidogo," mwongozaji mmoja aliniambia kamera ikisubiri, kisha akanionesha jinsi ya kuzungumza kama bibi yangu.

Baadaye nilikuja kujua kuwa nina wenzangu mbali. Mwaka 1987 Robert Townsend, Mmarekani mweusi, alitoa Hollywood Shuffle, kichekesho kuhusu mwigizaji anayefundishwa na Wazungu namna ya kuwa mweusi wa kwenye sinema. Sehemu ya gharama aliilipa kwa kadi zake za mkopo. Sasa mimi aliyenifundisha Ugogo alikuwa Mtanzania mwenzangu, tena mtu mwema tu, aliyekuwa na hesabu zake.

Hesabu zenyewe zilikuwa hivi. Enzi za VCD na DVD, fedha zilikuwa kwa msambazaji Kariakoo. Prodyuza anapeleka kazi, anauza haki zote kwa mkupuo, basi. Hadithi inakatwa sehemu ya kwanza na ya pili ili mteja anunue mara mbili. Lokesheni mnakaa siku chache, maana kila siku ni chakula, mafuta na posho. Kwa mwendo huo nani atapata muda wa kumjenga mhusika? Anaitwa yule ambaye watazamaji wanaye tayari vichwani: Mmasai mlinzi, Mchaga mpenda hela, Mgogo ombaomba. Anaeleweka kabla hajafungua mdomo, na dakika iliyookolewa ni fedha.

Wapo walionituliza kwamba ni utani. Utani nimekulia ndani yake. Wahehe ni watani wetu. Wakija msibani wanatufanyia vituko, nasi tukienda kwao tunalipa. Utani una zamu. Katika zile filamu zamu yangu haikufika hata mara moja.

Kilichonigeuza ni swali la shangazi yangu. Wajukuu walimpeleka kibanda umiza kunitazama, akakaa kwenye benchi la mbele, mkoba mapajani. Watoto walicheka pale pale nilipotaka wacheke. Yeye hakucheka wala hakukasirika. Tulipotoka aliniuliza kama mtu anayeulizia habari za jirani:

"Yule mama, mwanangu, shamba lake liko wapi?"

"Ni hadithi tu, shangazi."

"Sawa. Lakini mtu hatoki tu kwao akakae barabarani. Mvua zilikataa? Aliuza nini kwanza?"

Shangazi amekulia kwenye masimulizi ya Mtunya, ile njaa ya mwishoni mwa Vita Kuu ya Kwanza. Majeshi ya Wajerumani, kisha ya Waingereza, yalichukua ng'ombe, nafaka na wanaume wa kubeba mizigo. Mvua nazo zikakosekana. Wazee wetu wakiisimulia njaa husimulia na sababu zake: nani alichukua, nini kiliuzwa, nani alikwenda wapi. Sinema zetu ziliichukua njaa, sababu zikaziacha huko huko Ugogo.

Tangu hapo nikaanza kuandika mwenyewe, kwa sharti moja: hakuna mhusika anayeingia kwenye skripti bila shughuli, deni na jirani. Filamu yangu ya kwanza inamhusu mama wa Hombolo mwenye shamba la zabibu. Zabibu za Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka, na zikiiva hazingoji mtu. Mnunuzi asipofika, mkulima anakamua auze mchuzi, au anapokea bei yoyote. Kuna sini ambayo huyu mama ana simu begani, mnunuzi anamwambia kesho, naye mkononi ana mkasi, anatoa punje zilizooza, moja moja, bila kulivunja shada. Aliyeigiza analima zabibu kweli. Nilimwambia azungumze na simu tu. Mkono wake sikuugusa.

Ngoma nayo nilitaka itoke kifungoni. Mwanamuziki wetu wa Kigogo, Hukwe Zawose, alizunguka dunia na zeze na ilimba hadi alipofariki mwaka 2003, na Chamwino kuna tamasha la muziki wa Wagogo tangu 2009, lakini kwenye sinema ngoma yetu ikilia ujue mganga anaingia. Kwangu akina mama wanapiga muheme, ngoma katikati ya mapaja, jua kali, wanataniana, na hakuna anayerogwa.

Msambazaji mmoja aliitazama yote. "Nzuri, dada. Ila hakuna mganga? Hata fumanizi?" Bei aliyotaja isingelipa mafuta ya gari, nikaondoka na kazi yangu. Watu wa miradi nao walikuwa na fedha, lakini walitaka yule mama awe hajui kitu mpaka mtaalamu aje kumfundisha. Kwangu huyo ni ombaomba yuleyule, amebadilishiwa kaniki.

Tukaionesha wenyewe Hombolo, katika ukumbi wa kanisa, kwa projekta ya kuazima na kiingilio mlangoni. Ilipoisha, wakulima wawili walibaki wakibishana: mmoja anasema mama alikosea kukubali bei mapema, mwenzake anamuuliza yeye angeziweka wapi. Walimgombeza kama jirani yao. Sijawahi kupata sifa inayofika hapo.

Gharama hazijarudi zote, na bila mapato ya mlangoni filamu ya pili haitakuwepo. Tangu Serikali ihamie Dodoma kumejengwa kumbi nyingi za mikutano na harusi, na katikati ya wiki nyingi hulala tupu. Nawaomba wenye kumbi hizo watupangishie Jumanne au Jumatano jioni kwa bei tunayoimudu. Nanyi wasomaji mlioko Dodoma, mkisikia tunaonesha, njooni mlipe mlangoni.