Mkono Mmoja, Kazi Mbili

Msafiri aondokaye Kiserian kwa barabara ya Magadi hupanda kidogo, kisha ardhi humkatikia mbele yake na Bonde la Ufa likafunguka chini. Hapo ndipo Kona Baridi, na jina hilo halikutolewa kwa mzaha. Upepo wa sehemu hizo haupumziki. Katika kaunti hiyo hiyo ya Kajiado, mitambo 60 ya Kipeto imekuwa ikiugeuza kuwa umeme tangu mwaka 2021. Mwenyeji wa Kona Baridi huamka vidole vikiwa vimekufa ganzi, na akitaka kuvitumia kwa kazi ya upesi hana budi kuvifufua kwanza.

Katika boma moja la huko anaishi kijana wa miaka ishirini na miwili pamoja na mama yake. Wana ng'ombe watatu wa maziwa. Kwa miaka mingi mama ndiye aliyekama, lakini baridi yabisi ilipomwingia katika viungo vya vidole (Kiswahili kimelipa gonjwa hilo jina ambalo wakazi wa Kona Baridi hawahitaji kufafanuliwa), kazi ilimwangukia mwanawe. Kila siku, saa kumi na moja alfajiri na saa kumi jioni, mikono ya kijana ndiyo inayoleta nyumbani unga, dawa na nauli.

Usiku mikono hiyo ina kazi ya pili. Dada yake, aliyesomea usanifu wa majengo, alipopata kazi Doha alimwachia tarakilishi kuukuu na kibao cha kuchorea: bamba jembamba la plastiki na kalamu isiyo na wino, ambayo ikipitishwa juu ya bamba, kishale hufuata kwenye kioo. Kijana si mchoraji. Alikitumia kibao kwa mchezo wa mdundo uitwao osu!, uliotungwa na Dean Herbert wa Australia mwaka 2007 kwa kufuata mfano wa Osu! Tatakae! Ouendan, mchezo wa Kijapani wa mwaka 2005. Mchezo wenyewe hautozi chochote. Wimbo hupigwa, duara huchomoza kiooni likiwa limezungukwa na pete inayosinyaa, pete inapoligusa duara, mchezaji awe amekwisha kulifikia kwa kalamu na abofye herufi Z au X kwa mkono wa pili. Aliyewahi kumwona mwanafunzi wa ushairi akihesabu mizani kwa kugonga vidole juu ya dawati ameona nusu ya mchezo huo.

Tofauti ni kasi. Wimbo wa mapigo 180 kwa dakika, kila pigo likigawanywa mara nne, hudai mibofyo 12 kwa sekunde. Kwa mwendo huo mshororo wa mizani 16 ungekwisha kwa sekunde moja na theluthi. Wala haitoshi kubofya. Sharti kubofya kwa wakati. Ukali wa wakati ukiwekwa katika ngazi ya 8, alama kamili hupewa tu yule aliyewahi au aliyechelewa kwa milisekunde zisizozidi 32 hivi. Hata Amri Abedi, ambaye sheria zake za kutunga mashairi za mwaka 1954 zimewanyima usingizi watunzi wengi, hakumpimia mtu mizani kwa saa.

Kabla ya kidole kubofya, kuna suala la kibao. Kibao cha kijana kina eneo la milimita 152 kwa 95, ilhali kioo cha tarakilishi kina nukta 1366 kwa 768. Viwili hivyo havina uwiano mmoja. Kibao kikiachwa kama kilivyotoka dukani, mkono uchorao duara hutoa kiooni kitu kama yai. Hatua ya kwanza, ambayo haina ubishi, ni kupunguza kimo cha eneo hadi milimita 85.5. Ubishi huanza baada ya hapo. Eneo likiachwa pana, mkono mzima hutembea kuanzia begani, na kila milimita ya kibao hubeba nukta 9 za kioo. Likipunguzwa hadi milimita 80 kwa 45, kifundo na vidole vyatosha, lakini kila milimita sasa hubeba nukta 17, na tetemeko dogo la kidole huwa kosa kubwa.

Kijana alisikia kwamba mchezaji mmoja hodari hutumia 80 kwa 45. Akaviazima vipimo hivyo, akaazima na namna ya kushika kalamu, bila kujiuliza mkono ule alioazima huamka katika hewa ya namna gani. Na kwa kuwa mchezaji huyo alisifiwa kwa kubofya kwa kidole kimoja, naye akauachia mzigo wote wa mkono wa kushoto kidole cha shahada. Kasi ilipokipita kidole, aliisaidia kwa kukaza misuli hadi kiwikoni. Alicheza usiku wa manane, umeme ukiwapo, dirisha likipigwa na upepo. Alama zilipanda kwa miezi minne. Kisha ulikuja uchovu, na baada ya uchovu, maumivu kama moto mwembamba juu ya kifundo. Alinyamaza. Mtu angeanzaje kumweleza mama mgonjwa wa vidole kwamba vidole vizima vinaharibiwa na mchezo?

Asubuhi moja ya Julai mkono wa kushoto ulikataa kufunga. Kukama kunataka kidole gumba na cha shahada vibane chuchu juu, kisha vidole vingine vifuate kimoja baada ya kingine, mikono ikipokezana, kushoto na kulia. Ng'ombe akishaachia maziwa humpa mkamaji dakika chache tu. Kijana alikama kwa mkono wa kulia peke yake, ng'ombe akaanza kuhangaika na kurusha mguu. Mama alikuwa jikoni. Hakuhitaji kuambiwa, maana sauti ya maziwa ndani ya ndoo ilikuwa imekosa pigo moja katika kila mawili. Alitoka, akamwinua mwanawe kwenye kigoda, akakaa yeye.

Ndoo ilifika nusu. Mnunuzi alipima, akalipa alichopima, akawasha pikipiki yake akaenda. Mama alirudi ndani akiwa ameficha mikono katika shuka, na hadi saa nne hakuweza kushika kikombe cha chai.

Ndipo kijana aliposema yote. Katika zahanati ya Kiserian aliambiwa kano za mkono zimevimba, apumzike majuma mawili. Mchezo unaweza kuwekwa kando. Ng'ombe hawawekwi kando. Jirani alikama kwa malipo, na ng'ombe wasiomzoea wakampa pungufu. Majuma hayo mawili yalikula akiba ya dawa.

Siku moja katika mapumziko hayo mama alimwomba amwonyeshe huo mchezo, kidogo tu. Hakutazama kioo wala hakuuliza habari za alama. Alitazama kigasha cha mkono wa kushoto.

"Mbona umekaza hata wakati hugongi?"

"Ni kasi, Yeyo."

"Kasi haikai hapa." Alimgusa chini ya kiwiko. "Wewe mwenyewe unakama. Mkono mmoja ukibana, mwenzake anapumzika. Usipopumzika hapo, mwanangu, utapumzikia wapi?"

Wapo watakaotarajia kwamba mama alimwamuru aache upuuzi ashike kazi. Hakusema hivyo, na haifai kumsemea. Alijua kwamba marafiki wa mwanawe wamekwisha hamia Kitengela na Nairobi, kwamba usiku wa Kona Baridi ni mrefu, na kwamba kijana anayeamka saa kumi na moja kwa ajili ya wengine anastahili kuwa na saa moja iliyo yake.

Majuma mawili yalipokwisha, kijana alifungua mipangilio na kuanza upya. Eneo alilipanua hadi milimita 120 kwa 67.5, takriban nukta 11 kwa milimita, ili bega libebe sehemu ya kazi ya kifundo. Kalamu aliishika kwa ulegevu kiasi kwamba siku za mwanzo ilimponyoka. Vidole viwili vikaanza kupokezana Z na X, hivi kwamba hata katika mapigo 180 kila kimoja hubaki na mibofyo 6 kwa sekunde. Lakini 180 aliziacha kwanza, akashuka hadi nyimbo za mapigo 140. Aliacha pia vipokea sauti visivyo na waya, ambavyo vilimletea mdundo ukiwa umechelewa, akarudia vile vya waya. Badiliko lililomsaidia zaidi, hata hivyo, halimo katika ukurasa wowote wa mipangilio: aliacha kucheza usiku wa manane. Sasa hucheza mara tu baada ya kukama jioni, vidole vikiwa bado vina joto la kiwele.

Alama zake zilishuka. Katika orodha ya wachezaji wa dunia jina lake lilirudi nyuma maelfu ya nafasi, na halijapanda hadi lilipokuwa. Hilo linamuuma, naye hafichi. Ndoo inajaa.

Mwishoni mwa Agosti mama alitaka kujaribu. Upo mpangilio ambao mchezo wenyewe huongoza kishale, mchezaji akabakiwa na kazi ya kubofya tu. Kijana aliuchagua, akatafuta wimbo wa mapigo 90, akamvika mama vipokea sauti na kumwekea kidole juu ya Z. Kidole kilikuwa kimevimba katika viungo vyote viwili, na kila mbofyo ulikianza taratibu kama mtu anayeinuka kitini.

Chini ya kioo mchezo huu huonyesha mstari mfupi, na kila mbofyo huacha alama juu yake, waliowahi upande mmoja, waliochelewa upande wa pili. Alama za mama zote ziliangukia upande wa kuchelewa. Kijana alizitazama kwa muda. Zake mwenyewe, katika juma lake la kwanza, zilikuwa zimetapakaa mstari mzima. Za mama zilisongamana mahali pamoja, moja juu ya nyingine.

Alifungua mipangilio ya sauti, pale panaporekebishwa tofauti kati ya wimbo na mbofyo, akaisogeza namba kwa milisekunde 60. Kisha akaurudisha wimbo mwanzo.

"Haya, Yeyo. Piga tena."