Konsonanti katika Lugha ya Kubuni: Funzo la Kinyume kwa Kinyakyusa

Mtu anapobuni lugha, hudhaniwa kuwa yu huru kuchagua sauti azipendazo. Kinyume, usemi wa mafumbo wa Waswahili ambao Edward Steere aliuandikia habari katika karne ya 19, kinaonyesha vingine. Kanuni yake ni nyepesi: silabi ya mwisho huhamishiwa mwanzo, hata kitabu kikawa bukita. Maana hufichika, lakini konsonanti hubaki zilezile. Na pale neno linapokatwa hudhihirika ujuzi ambao msemaji hakufundishwa na mtu.

Tuchukue maneno mbuzi na mbuyu. Katika maandishi yote mawili huanza kwa mb. Hata hivyo, la kwanza lina silabi mbili, mbu-zi, na kinyume chake ni zimbu. La pili lina silabi tatu, m-bu-yu, na kinyume chake ni yumbu, ambamo m husimama peke yake kama silabi. Herufi ni zilezile, ila mb ya mbuzi ni konsonanti moja na ya mbuyu ni mbili.

Kipimo hiki chaweza kutumiwa pia kwa Kinyakyusa, lugha ya Ipyana, wilayani Kyela. Jina Ipyana lenyewe, lenye maana ya neema, hugawika i-pya-na; kwa kanuni ya kinyume litakuwa naipya, wala p na y hazitengani. Vivyo hivyo abandu, yaani watu, ni a-ba-ndu. Anayeligawa aban-du humzulia Mnyakyusa sauti asiyokuwa nayo, kwa kuwa d ya Kinyakyusa haisimami bila n.

Suala hili si la nadharia tupu. Kinyakyusa hakina z wala v. Mtoto wa Ipyana, aliyekulia kandokando ya Ziwa Nyasa, akisema siwa badala ya ziwa, ni rahisi kumdhania kuwa ana ulimi mzito, ilhali ametii kikamilifu sheria za lugha yake ya kwanza. Mwalimu aujuaye mfumo huo atamfundisha z kama sauti mpya; asiyeujua atamrudi kama mkosaji, na pengine mtoto atanyamaza darasani. Kwa hiyo uchambuzi wa konsonanti hauna budi kuanzia katika masikio ya wasemaji, ndipo herufi zifuate.