Kompyuta Yetu na Akiba ya Mama Mjane

Sisi ni watatu tuliokabidhiwa hesabu za kikundi cha kuweka na kukopa cha akina mama kanisani kwetu. Wawili ni wauguzi, mmoja ni mwalimu wa shule ya msingi. Mchana tupo kazini, jioni tupo jikoni, na Jumamosi baada ya mazoezi ya kwaya ndipo tunapokaa na daftari la michango. Daftari lilitutosha miaka mingi. Mwaka 2022 tukapewa kompyuta mpakato iliyokwisha kutumika, na hapo maswali yakaanza.

Ilikuja na Microsoft Office. Tulifurahi, maana Word na Excel tulishaziona kazini. Lakini ilikuwa ile ya kulipiwa kila mwaka, na aliyetupa alikuwa amelipia mwaka mmoja tu. Muda ulipokwisha tuliweza kusoma na kuchapa karatasi, lakini kuandika tarakimu mpya hatukuweza. Fundi mmoja akajitolea kutuwekea nakala ya wizi kwa elfu kumi. Tulitazamana. Muuguzi hampi mgonjwa kidonge kisicho na jina, na nakala za namna hiyo mara nyingi huja na virusi. Tena fedha zenyewe ni za kanisani! Tukamshukuru, tukaondoka.

Tukahamia LibreOffice, ambayo ni ya bure kwa halali. Ilianza mwaka 2010, ikitokana na OpenOffice. Mwalimu wetu alitukumbusha kwamba mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliitafsiri hiyo OpenOffice kwa Kiswahili wakaiita Jambo OpenOffice, nasi tukajiona tupo nyumbani. Mafaili yetu ya Excel ilifungua vizuri, tarakimu zote zikiwa mahali pake. Barua zenye majedwali ndizo zilizopinda kidogo. Kero nyingine ni kwamba huhifadhi faili kwa aina yake yenyewe, na simu ya katibu iligoma kulifungua, mpaka tulipojifunza kuchagua aina ya Excel wakati wa kuhifadhi.

Ya Google nayo tuliijaribu. Hapo watatu tunaandika katika jedwali moja, kila mtu kwa simu yake, na baadaye unaweza kuona nani alibadili nini na saa ngapi. Kwa fedha za watu hilo ni jambo jema sana. Lakini bila bando unakwama, isipokuwa umeiandaa mapema ifanye kazi bila intaneti. Kisha siku moja mmoja wetu alifungua jedwali kwa yeyote mwenye kiungo, akakituma kwenye kundi la WhatsApp la kwaya. Madeni ya watu yakasomwa na wasiohusika. Sisi tunaotunza siri za wagonjwa! Tulirudi LibreOffice kwa aibu.

Basi tukadhani kazi imekwisha. Mwezi wa kufungua vyuo, mama mmoja mjane aliomba mkopo wa shilingi 300,000 kwa ada ya mwanawe katika chuo cha ufundi. Kanuni yetu ni kukopesha hadi mara tatu ya akiba. Kompyuta ilionyesha ana 60,000, kwa hiyo mwisho wake ulikuwa 180,000. Yeye akasema akiba yake ni 105,000. Tukamjibu mbele ya wenzake, "Mama, kompyuta haidanganyi." Hakubishana. Alifunga kanga yake vizuri akaenda zake.

Usiku ule hatukulala vema. Mwalimu akalichukua daftari la zamani, akafuata mstari kwa mstari hadi kwenye kompyuta. Michango mitatu ya mama huyo ilikuwa imeandikwa 15,000/= kama tulivyofundishwa tangu shuleni kuandika shilingi. Kumbe programu ikiona ile alama mwishoni huihesabu kuwa ni maneno, si tarakimu, na ile kanuni ya kujumlisha, SUM, huiruka kimya kimya bila kulalamika. Tuliijaribu kwa Excel kazini, tukaijaribu kwa Google, zote tatu ziliruka vilevile. Ukitazama kwa makini utaiona: tarakimu za kweli hujipanga upande wa kulia wa kisanduku, na zile zilizogeuka maneno zimeegemea kushoto. Elfu arobaini na tano za mjane ziliegemea kushoto miezi mitatu, na sisi tulipita hapo kila Jumamosi.

Alfajiri tulikwenda kwake watatu pamoja. Alitukaribisha uji kabla hatujafungua kinywa. Tulipokwisha kueleza, alikaa kimya, kisha akasema, "Wanangu, mliiamini ile mashine kuliko mimi." Hatukuwa na jibu. Tulimwomba radhi, na Jumapili tukarudia kuomba radhi mbele ya wenzake waliotusikia. Mkopo ulitoka wote, ila kijana alikwisha kuchelewa siku nne kuripoti chuoni.

Sasa kila mwanachama ana kitabu chake kidogo, na kabla ya kufunga kompyuta tunasoma akiba ya kila mmoja pembeni, yeye na sisi tu, naye analinganisha. Mama yule huja wa kwanza. Huvaa miwani, hufungua kitabu chake magotini, na kutuambia, "Haya, someni polepole."