Kadi ya Zaka ya Baba

Kwa karibu miaka 13 nilikuwa na hadithi moja niliyomsimulia kila aliyeniuliza kwa nini siendi kanisani. Baba yangu alifariki Oktoba 2011, mwaka wa ule ukame mkali, na kiongozi mmoja wa kigango chake huko ng'ambo ya Mto Athi, upande wa Kitui, akakataa azikwe na Kanisa kwa sababu kadi yake ya zaka ilikuwa haijalipwa. Tulimzika bila padre. Jirani wa kanisa la AIC ndiye aliyetuongozea sala, Mungu ambariki. Hadithi hiyo ni ya kweli, na kila niliyemsimulia alitikisa kichwa akasema nina haki. Lakini ilikuwa na kipande nilichokiruka kila mara. Nitakifikia.

Nilibatizwa 1984 nikiwa mtoto mchanga. Baba alikuwa mkulima wa mtama na kunde, mtu wa maneno machache, na sala zangu za kwanza nilijifunza kwake jioni, tukiwa jikoni mama akichochea moto chini ya chungu cha isyo, mahindi na maharagwe. Nilitumikia altareni mpaka darasa la nane, nikapata Kipaimara. Mwaka 2006 nikapata kazi ya utaniboi, msaidizi wa dereva, kwenye trela la Mombasa hadi Malaba. Imani haikunitoka kwa siku moja. Kwanza nilikosa Misa kwa sababu Jumapili ilinikuta kwenye foleni ya mizani ya Mariakani. Kisha nikaikosa kwa sababu nilikuwa nimechoka. Kisha kwa sababu nilikuwa nimeamkia mahali ambapo nisingependa mtu wa kwetu anione. Mtu wa barabarani anajua ninachosema.

Baada ya mazishi nilimhamisha mama nikamleta Kambu, hapa kati ya Kibwezi na Mtito Andei, ambako nilikuwa nimenunua ploti ndogo karibu na barabara kuu. Nilioa. Mbuzi wa ntheo, wa ndoa ya kimila, nilipeleka, wazee wakala, mke akaja. Kanisani hatukwenda. Yeye ni wa AIC kama wengi wa Ukambani, na mimi nilikuwa nimeapa kwamba padre hatanifungisha ndoa mpaka nife. Wakati huo nilikuwa dereva, nalipwa vizuri, na nusu ya malipo yaliishia kwenye chupa. Kuanzia 2018 makontena yakaanza kupanda treni ya SGR, malori yakapungua, na miji yetu ya barabarani ikapoa. Mwenye gari akatupunguza. Nikafungua kibanda cha panchari.

Mama aliingia jumuiya mwezi ule ule aliofika. Maaskofu wa Afrika Mashariki waliazimia miaka ya sabini kulijenga Kanisa kwa jumuiya ndogo ndogo za nyumba kwa nyumba, na kwa hiyo Kanisa nililolikimbia likawa linakuja uani kwangu kila zamu ya mama ilipofika. Nilikuwa nikisikia wanaanza wimbo, natokea mlango wa nyuma. Makanisa yalipofungwa Machi 2020 kwa ajili ya korona, mama alilia kama aliyefiwa. Mimi sikuona tofauti yoyote. Nakumbuka nilivyomtazama nikashangaa analilia nini. Nimekuja kuelewa baadaye kwamba siku ile nilikuwa nimefika mbali kweli kweli, kwa sababu hata hasira sikuwa nayo tena.

Ukutani kwake kuna picha ya Mtakatifu Monika, mama wa Kiafrika, wa nchi tunayoiita Algeria leo, aliyemlilia mwanawe Agostino miaka mingi hadi alipobatizwa Milano, Pasaka ya mwaka 387, akiwa na miaka 32. Mimi nilikuwa nimeshapita 32 kitambo. Mama hakuwahi kunisema. Alisali tu rozari yake, nami nikaingia na kutoka.

Ijumaa Kuu ya 2024 ilikuwa tarehe 29 Machi. Nilikuwa kibandani nang'ang'ana na tairi la matatu, nikasikia waumini wanakuja na Njia ya Msalaba kando ya barabara. Sikuwa na mlango wa nyuma. Walisimama mbele yangu kabisa. Msalaba ulibebwa na kijana mwembamba ambaye jasho lilikuwa limemwingia machoni, na katekista, mzee ninayemheshimu, akanigeukia akasema kwa sauti ya kawaida, "Baba, hebu mshike mkono huyu." Nilisita. Watu wote walinitazama. Nikaweka chini chuma cha kung'olea tairi, nikapangusa mikono kwenye suruali, nikaingiza bega.

Yalikuwa magogo mawili ya mwarobaini, bado na magome. Nilipoinua macho kuona yalivyofungwa, nikaona vipande vya tyubu kuukuu, vimezungushwa mara nne na kukazwa kwa fundo ninalolifunga mimi. Vilikuwa vya kwangu. Jumatatu ya wiki ile katekista alikuja kuomba tyubu, nikamkatia na kumfundisha namna ya kukaza, nikidhani anafunga mizigo ya baiskeli. Sijui nieleze vipi. Nilikuwa nimefunga msalaba bila kujua, na sasa uko begani kwangu. Kituo kilichosomwa pale ni cha tano, cha Simoni wa Kirene, mtu aliyekuwa akitoka zake shambani akakamatwa na askari. Nilikusudia kwenda hatua ishirini. Niliushusha kituo cha kumi na mbili, watu walipopiga magoti, nami nikapiga, kwa mara ya kwanza tangu 2011.

Usiku ule sikulala. Asije mtu akadhani nilikuwa na furaha. Nilikuwa na hofu, kwa maana nilijua kipande kile cha hadithi kitanitoka.

Wiki mbili baada ya Pasaka nilikwenda kwa padre. Nilikwenda nimejiandaa kwa ugomvi. Nikamsimulia mazishi ya baba yote, kwa ukali, nikisubiri amtetee yule kiongozi. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanieleza kwamba Sheria ya Kanisa, kanuni ya 1181, inaagiza maskini wasinyimwe mazishi yanayowastahili, na kwamba kutolipa zaka hakumo katika sababu za kumnyima Mkristo maziko. "Baba yako alidhulumiwa," akasema. "Nakuomba msamaha kwa niaba ya Kanisa."

Sikuwa na la kujibu. Ngao niliyoibeba karibu miaka 13 ilidondoka mikononi, na nyuma yake nilikuwa mimi mwenyewe.

Kipande ni hiki. Mei 2011, baba aliuza mbuzi kwa bei ya ukame, akanipa shilingi 1,500 nikamlipie zaka ya mwaka nikipita parokiani, kwa sababu miguu yake ilikuwa imevimba. Sikupita. Nilizinywa fedha zile Mtito Andei kwa siku mbili, na nyama juu. Nilijiambia nitazirudisha mwisho wa mwezi. Mwisho wa mwezi ukapita, na mwingine, na baba hakuniuliza hata mara moja, kwa kuwa aliniamini. Oktoba akafa. Yule kiongozi alikosea, lakini kadi aliyoinyooshea kidole ilikuwa tupu kwa mkono wangu, na niliposimama kaburini nikimlaani mbele ya ndugu zangu, nilijua.

Ndugu msomaji, pengine nawe una hadithi yako ya kweli kuhusu mtu wa Kanisa aliyekuumiza. Siigusi. Nakueleza ya kwangu tu, na kilichokuwa chini yake.

Ondoleo la dhambi sikulipata siku ile. Nilikuwa naishi na mke bila ndoa ya Kanisa, na padre akanieleza kwa upole kwamba tutengeneze hilo kwanza, kisha niungame. Alinibariki nikatoka. Nilirudi nyumbani nimevunjika moyo, na wiki tatu sikurudi kwake. Nilikuwa nimetoa kitu kizito kuliko vyote nilivyo navyo, nikaambiwa nisubiri. Aliyenisimamisha ni mke wangu, ambaye si Mkatoliki hata leo. Alisema, "Umeshaanza. Twende wote." Ruhusa ya ndoa ya mchanganyiko iliombwa Wote, jimbo letu jipya lililomegwa kutoka Machakos Julai 2023, chini ya Askofu Paul Kariuki Njiru. Kila Jumapili ya kungoja nilibaki kwenye benchi wengine wakienda kupokea Komunyo. Watoto walinikanyaga miguu wakipita. Nilijifunza kutamani, na nadhani hilo pia lilikuwa zawadi.

Lakini kilichonitesa zaidi ni cheti cha ubatizo. Ndoa hudai cheti kipya, na kitabu changu kilikuwa parokia ile ile ya zamani, ng'ambo ya Athi. Nilivuka. Katibu akafungua daftari kubwa la 1984 lililoliwa na mchwa pembeni, akashusha kidole mstari kwa mstari hadi kwenye jina langu. Jina la baba, jina la mama, msimamizi wangu, tarehe. Mbele yake nafasi ya Kipaimara imejazwa, na ya ndoa ni wazi. Miaka yote ile niliyojihesabu kuwa nimetoka, mstari wangu ulikuwa pale, haujafutwa. Nilimtafuta na yule kiongozi. Ni mzee sana sasa. Nilimwambia kuhusu zile fedha, nikamwomba radhi kwa jinsi nilivyomchafua. Alinishika mkono muda mrefu, akaniomba radhi naye. Hatukuwa na mengi ya kusema.

Niliungama siku moja kabla ya kufunga ndoa, Agosti 2024. Mengine ni ya kitubioni, ila sehemu moja ya malipizi naweza kuitaja: nimweleze mama.

Nilimkuta anachambua ndengu kwenye ungo. Nikaketi chini, nikamweleza yote, shilingi kwa shilingi. Hakuacha kuchambua. Nilipomaliza alinyanyuka, akaingia ndani, akafungua sanduku lake, akarudi na kitu kilichofungwa kwenye leso. Ilikuwa kadi ya baba, ile ya kijani, visanduku vyake vya 2010 vimepigwa mihuri vyote na vya 2011 ni vyeupe.

"Nilikuwepo alipokupa zile pesa," akasema.

Nikamuuliza, "Mwaitu, mbona hukuniambia?"

"Ungekimbia mbali zaidi. Nilikuwa namwambia Mungu."

Alijua siku ile kando ya kaburi, nilipokuwa nikipaza sauti. Alijua alipokubali kuja kuishi kwangu, alipopika, alipolea watoto wangu, kila nilipowasimulia wageni hadithi yangu mbele yake. Msamaha niliokuwa nikiogopa kuuomba, nilikuwa nikiula katika chakula chake kila jioni.

Kesho yake nilipokea Ekaristi. Mikono yangu haitakati kwa sabuni yoyote, weusi wa mpira umeingia kwenye mistari ya viganja. Padre aliiweka Hostia pale pale.

Bado naanguka. Kuna jioni kiu hunishika hadi natembea mpaka mlango wa baa na kurudi. Kuna Jumapili nakwenda Misa moyo umekauka. Katekista hupita kibandani kila Jumatatu, hata kama hana baiskeli ya kutengeneza.

Tarehe 2 Novemba 2024, Siku ya Marehemu Wote, padre alikubali kuvuka nasi Athi. Tulikuwa mimi, mke, watoto na mama. Kaburi lilikuwa limedidimia, mawe yamehama. Padre alisoma sala za maziko, zile zile baba alizozikosa, kisha akanyunyiza maji ya baraka. Mvua ya vuli ilikuwa haijashuka upande ule, na udongo uliyanywa papo hapo. Mama alinionyesha kwa fimbo magugu yaliyoota upande wa kichwani. Nikapiga magoti nikaanza kuyang'oa.