Kutoka Nyamata Hadi Ujiji

Nilivuka Rusumo kwa basi nikitokea Kigali. Maporomoko ya Mto Kagera yapo hapo hapo karibu na daraja, maji ya rangi ya udongo, lakini abiria wengi hawayaangalii kwa sababu kila mtu anawaza foleni ya uhamiaji na mizigo yake. Mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari, mto huu ulibeba maiti kutoka Rwanda hadi Ziwa Victoria. Wavuvi na wanakijiji wa upande wa Uganda waliziopoa na kuzizika Kasensero, Lambu na Ggolo, na makaburi hayo ya pamoja yanatunzwa mpaka leo. Mwishoni mwa Aprili mwaka huo watu wapatao 250,000 walivuka daraja hili kuingia Ngara katika muda wa siku moja hivi, na kambi ya Benaco ikawa mji kabla Watanzania hawajajua la kufanya. Ndani ya umati ule walikuwamo waliokimbia vita na waliokimbia walichokifanya, wote wakipanga foleni moja ya maji na unga.

Begi langu la mgongoni lilikuwa bado na vumbi la Bugesera. Huko nilikuwa nimefika Nyamata na Ntarama, makanisa mawili ambamo Watutsi walijificha wakiamini hakuna atakayethubutu kuua nyumbani mwa Mungu. Nyamata, nguo za waliouawa zimelazwa juu ya mabenchi ya waumini. Mtu unapita katikati huku umebana mikono usije ukagusa kitu. Hata hivyo kilichonifuata njiani hakikuwa nguo zile. Ni chumba cha watoto pale Gisozi, Kigali, mahali walipozikwa watu zaidi ya 250,000. Kila mtoto ana picha yake kubwa, na chini yake maneno machache: jina, umri, chakula alichokipenda, mchezo aliouzoea, namna alivyouawa. Ukishatoka chumba kile huwezi tena kusema kwamba waliuawa watu wengi, ukaishia hapo.

Ndiyo sababu sikurudi Dar es Salaam moja kwa moja. Nilipitia Nyakanazi na Kahama, nikashuka Nzega, nikapanda gari la kwenda Tabora. Bibi yangu mzaa mama alizaliwa Tabora, mtaa wa Ng'ambo, na alijiita Mmanyema. Tulipokuwa wadogo tukimuuliza Umanyema ni wapi, alikuwa akinyoosha mkono upande wa machweo, anasema ng'ambo ya ziwa, kisha anatutuma dukani. Alifariki bila kutuambia wazee wake walivuka Ziwa Tanganyika kwa hiari ya nani.

Niseme mapema, ili msomaji asinielewe vibaya: utumwa wa njia ya misafara, ambao nashuku ndio uliowavusha wazee wa bibi, haukuwa mauaji ya kimbari. Waliopanga mauaji ya Rwanda walitaka Mtutsi asibaki hata mmoja. Mfanyabiashara wa Tabora na Ujiji alitaka watu wawe hai, wabebe, walime, wapike, wazae, wauzike. Ni maovu mawili tofauti na kuyachanganya ni kuwakosea wafu wa pande zote. Ninacholinganisha ni sisi tuliobaki, na namna tunavyowakumbuka.

Tabora ni mji wa miembe. Imesimama kando ya barabara zote za zamani, minene, na watu wa Tabora watakuambia kwamba ilitokana na kokwa zilizotupwa na watumwa waliokuwa wakipitishwa hapa. Huenda mingine ilitokana na kokwa hizo, na mingine ilipandwa na wenye nyumba wakitaka kivuli na matunda. Hadithi yenyewe ina thamani yake, kwa kuwa inamwachia mtumwa angalau mti.

Wageni wa karne ya 19 waliuita mji huu Kazeh, na nchi yote Unyanyembe. Richard Burton na John Speke walipofika Novemba 1857 waliwakuta Waarabu na Waswahili wameshajenga, wanalima mpunga na kupika pilau. Njia zilikutana hapa: ya magharibi kwenda Ujiji, ya kaskazini kwenda Karagwe na Buganda, nyingine kusini-magharibi kuelekea Katanga, na ile kuu ya mashariki kurudi Bagamoyo. Muhammed bin Juma, baba yake Tippu Tip, alimwoa Karunde, binti wa Mtemi Fundikira. Ndoa hiyo inakuonyesha kwamba biashara haikuletwa na wageni ikawakuta wenyeji wamelala. Walishirikiana, wakagombana, wakapigana, wakaoana tena.

Tena wabebaji wengi wa pembe katika njia hii hawakuwa watumwa. Walikuwa Wanyamwezi huru, wapagazi wa kulipwa, ambao walikuwa wakienda pwani na pembe zao wenyewe kabla Mwarabu yeyote hajajenga tembe Unyanyembe. Mzigo wa frasila mbili, kilo 30 na ushee, kijana aliuweka begani na kwenda nao miezi mitatu, akirudi anaitwa mwanamume. Waligoma mshahara ulipopunguzwa. Walimtoroka bwana mkali. Kuwachora wote wamefungwa minyororo, kama zifanyavyo picha nyingi za ukutani, ni kuwanyang'anya jasho lao na heshima yao.

Lakini swali linabaki: mpagazi akiwa safarini nusu ya mwaka, shamba lake lililimwa na nani? Lililimwa na mkewe, na aliyekuwa na uwezo alinunua mtu. Nguo na shanga zilizopatikana pwani zilinunua watu kutoka Manyema na nchi nyingine za magharibi, na wengi wao hawakuiona bahari kamwe. Walibaki Unyanyembe. Majembe yao ndiyo yaliyoulisha mji. Tunapozungumzia utumwa tunaiwaza Zanzibar, soko la Mkunazini, majahazi. Tunasahau kwamba mwisho wa safari kwa maelfu ya watu ulikuwa hapa hapa bara, katika mashamba ya mihogo na mpunga, chini ya mabwana wa kila rangi.

Na utumwa haukuisha zamani sana. Wajerumani walimshinda Mtemi Isike wa Unyanyembe Januari 1893, akajilipua kwa baruti ndani ya ngome yake asikamatwe, lakini utumwa wenyewe hawakuufuta. Walitoa amri kwamba watoto wa watumwa watakaozaliwa kuanzia mwaka 1906 watakuwa huru, waliotangulia wakabaki walivyo. Sheria ya kuufuta Tanganyika ilikuja na Waingereza mwaka 1922. Nikipiga hesabu ya umri, mama yake bibi yangu alikuwa mtu mzima mwaka huo.

Kwihara ni mwendo mfupi wa bodaboda kutoka mjini. Barabara ya vumbi, migomba michache, mahindi, watoto wanaopunga mkono. Tembe limejengwa upya kwa udongo, paa bapa, mlango wa nakshi wa kipwani ambao ungeupita Mji Mkongwe usiushangae. Ndani mna vyumba vya baridi, ramani, nakala za barua. Mzee aliyenipokea anazijua tarehe zake vizuri. Stanley na Livingstone walifika hapa pamoja Februari 1872 wakitoka Ujiji. Stanley akaondoka Machi kwenda pwani. Livingstone akabaki peke yake akingoja wapagazi walioahidiwa, wakafika Agosti, na tarehe 25 akaondoka nao kwenda kusini, asirudi akiwa hai.

“Na watumwa, mzee, walikuwa wakilala wapi?”

“Mwanangu, walilala kila mahali,” alinijibu. “Nyumba zote za huku zilikuwa na watu wao.”

Hakuna wa kumlaumu hapo. Nyumba inaitwa Tembe la Livingstone, na kwa jina hilo mgeni anakuwa ameshaambiwa aulize habari za nani. Ujiji nako ni Livingstone. Mwaka 2006 Tanzania iliiweka njia hii, kama kilomita 1,200 kutoka Bagamoyo hadi Ujiji, katika orodha ya awali ya Urithi wa Dunia, na huko iliitwa waziwazi njia ya watumwa na pembe za ndovu. Kwihara imo, na Mamboya, Mpwapwa na Kilimatinde. Kwenye karatasi, basi, watumwa wamekwisha kutajwa. Njiani bado mlango anaufungua mgeni mmoja Mskochi.

Wanaosema majina hayapo hawajatafuta. Chuma aliokolewa katika msafara wa watumwa mwaka 1861, mbali kusini, akiwa kijana mdogo. Miaka 12 baadaye yeye na Susi, watumishi wa Livingstone, na wenzao waliubeba mwili wa bwana wao kutoka kijiji cha Chitambo alikofia, uliokaushwa kwa chumvi na jua, wakaufikisha hapa Kwihara Oktoba 1873. Luteni Cameron, Mwingereza waliyemkuta hapa, aliwashauri wauzike papo hapo. Wakakataa, wakaendelea nao hadi Bagamoyo. Yumo pia Halima, mpishi wa Livingstone, mwanamke ambaye bwana huyo aliandika kwamba atamwacha huru na kumnunulia nyumba na bustani Zanzibar. Hayo ni majina yaliyonusurika kwa kupita karibu na Mzungu aliyekuwa na kalamu. Mengine yamo katika daftari za wamisionari waliokomboa watoto na kuwalea Kipalapala, nje kidogo ya mji, miaka ya 1880. Mengine yamo vinywani mwa wajukuu, ambao hatujawauliza.

Na wajukuu wana sababu ya kunyamaza. Nilikaa kwenye baraza moja Ng'ambo na mama mtu mzima aliyemjua bibi yangu, akanikaribisha chai na mihogo ya kuchemsha. Nilipofikia swali langu akanitazama vizuri. “Mjukuu wangu,” alisema, “hapa tumeozana. Mwenye kumiliki na mwenye kumilikiwa wana mjukuu mmoja. Ukimtukana mmoja umemtukana na mwenzake.” Nimelifikiria sana jibu hilo. Ukimya wa Tabora haukutoka kwenye usahaulifu. Ulikuwa mkataba wa watu waliolazimika kuchota kisima kimoja, na umezaa amani ambayo Rwanda ililazimika kuianza upya kwa mahakama za gacaca. Ila mkataba ule ulilipwa na upande mmoja. Aliyemiliki aliacha jina la ukoo, shamba na mlango wa nakshi. Aliyemilikiwa aliacha mkono ulionyooshwa kuelekea machweo.

Treni ya Kigoma iliondoka Tabora usiku, na asubuhi kulipokucha tulikuwa katikati ya miombo. Tulikuwa tumeipita Urambo gizani, nchi ya Mirambo, mtemi aliyeifunga njia hii kwa vita mwaka 1871 na kuwatia Waarabu wa Tabora hasara kubwa. Watu wengi humtaja kama shujaa aliyepinga wafanyabiashara, na alikuwa shujaa wa vita kweli. Lakini rugaruga, askari wake, walichukua mateka vilevile. Tukapita Uvinza, ambako chumvi inachemshwa tangu kabla ya Uislamu kufika pwani. Mama mmoja behewani alikuwa na ndoo ya asali ya Tabora kati ya miguu yake na hakukubali itikisike njia nzima.

Ujiji ni kusini ya mji wa Kigoma, daladala hazikosekani. Mnara upo mahali Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871, karibu yake miembe inayosemwa ni chipukizi ya ule wa asili, na chumba cha makumbusho chenye sanamu mbili za wanaume wakivuliana kofia. Ziwa limerudi nyuma, inabidi utembee kulifikia. Kilichonileta, hata hivyo, ni sababu ya Livingstone kuwa pale.

Alikuwa ametoka Nyangwe, kwenye ukingo wa Mto Lualaba, katika nchi ya bibi yangu. Tarehe 15 Julai 1871, siku ya soko, watu kama 1,500 walikuwa wamekusanyika, wengi wao wanawake waliokuja kuuza samaki, vyungu na kuku. Wanaume wenye bunduki, watu wa mfanyabiashara Dugumbe, walianza ugomvi kwa bei ya kuku kisha wakafyatua risasi ndani ya umati. Wanawake waliukimbilia mto. Mitumbwi ilijaa ikapinduka, wengine wakaogelea kuelekea kisiwa kilicho mbali, vichwa vikizama kimoja kimoja. Wafanyabiashara wenyewe walikadiria waliokufa kuwa kati ya 330 na 400. Livingstone, ambaye kwa muda mrefu alikuwa amesafiri na kula pamoja na watu hao hao wa biashara, aliyaandika aliyoyaona juu ya kurasa za gazeti kuukuu kwa wino wa mimea, maana karatasi zilimwishia. Akarudi Ujiji amevunjika moyo. Barua zake zilifika Uingereza mwaka uliofuata, na zikasaidia kumsukuma Sultani Barghash kusaini mkataba wa tarehe 5 Juni 1873 uliofunga soko la Zanzibar.

Duniani kote watu wanayajua maneno machache ya salamu yanayosemekana Stanley aliyatamka chini ya mwembe. Wanawake wa Nyangwe ndio waliofanya salamu ile iwezekane, na hatujui hata mmoja wao kwa jina, wala alikuwa akiuza nini.

Nilimwambia hayo kijana aliyenitembeza. Aliniambia yeye mwenyewe ni Mmanyema, kama nusu ya watu wa mtaa ule, na kwamba watoto wa shule wakija huwa anawasimulia Nyangwe kwa mdomo. Kisha akanifungulia kitabu cha wageni. Kwenye nafasi ya maoni niliandika kwamba naomba libandikwe bango la Kiswahili, lenye tarehe 15 Julai 1871, lieleze waliouawa walikuwa kina nani na walikuja sokoni na nini. Na kwamba wazee wa Kimanyema wa Ujiji na Tabora waulizwe majina ya wazazi wao sasa, wangali hai, yaandikwe. Nikajaza mistari mpaka nafasi ikaisha, nikaendelea pembeni.

Aliyasoma yote amesimama. “Weka na namba ya simu,” alisema. “Wakija wakubwa nitawaonyesha, na wakitaka majina waanze na ya kwenu.”

Nikaandika namba, na chini yake jina kamili la bibi yangu, na la mama yake.